Kamera imeona, nani ataamka?

*Kamera za waifai zimeenea vibarazani na zizini kutoka Embu hadi Meru. Zinauzwa kama mlinzi asiyelala. Lakini kazi yake huamuliwa na mambo ambayo muuzaji hayataji: stima, nenosiri, jirani na mtu wa kupigiwa simu usiku.*

NA MWANDISHI WETU

SAA nane na robo usiku, simu iliyo chini ya mto inatetemeka. Ni kamera ya stoo: imeona kitu kikisogea. Mwenye boma, mkulima wa Runyenjes, anafungua jicho moja na kutazama kioo. Jani la mgomba. Upepo umeliinua, umelishusha. Hii ni arifa ya kumi na kitu tangu alale. Anazima sauti ya simu, anageukia ukutani.

Kunapopambazuka, magunia matatu ya makadamia hayapo. Kamera inayo picha kamili ya jinsi yalivyoondoka.

Hiki ni kisa ambacho mkazi yeyote wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya anaweza kukimalizia mwenyewe. Toa makadamia, tia ng'ombe wa maziwa, miraa, kahawa au pampu ya maji. Toa Runyenjes, tia Nkubu, Maua au Kianjokoma. Kamera ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni kila kitu kingine kilichopaswa kuizunguka.

Mali iliyo nje ya mlango

Anayetaka kuelewa kwa nini vifaa hivi vimepata soko huku, na aangalie mali ya watu inalala wapi. Haimo sebuleni. Makadamia yako mtini, kisha stoo. Miraa iko kwenye vilima vya Nyambene, Igembe na Tigania. Muguka uko Mbeere. Kahawa hulala kwenye viwanda vya vyama vya ushirika. Ng'ombe yuko zizini, hatua thelathini kutoka kitanda cha mwenyewe.

Kwa makadamia, msimu wenyewe huongeza kishawishi. Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, imekuwa ikifunga uvunaji mwishoni mwa mwaka ili kokwa zikomae. Mkulima mwaminifu anangoja. Mwizi hangoji, na kokwa alizotikisa usiku zikichanganywa na za watu wengine, hakuna anayeweza kuzitambua.

Serikali nayo ilipowekeza kwenye kamera, ilitazama kwingine. Mradi mkubwa iliokabidhi kampuni ya Safaricom mwaka 2014, wa gharama ya Sh14.9 bilioni, ulikuwa wa kamera 1,800 za kusaidia polisi katika miji ya Nairobi na Mombasa. Vijiji viliachiwa mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa mwaka 2013, ambao unategemea majirani kujuana.

Pengo hilo limejazwa na maduka ya simu. Kamera yenye umbo la balbu, ya kuchomekwa kwenye kishikio cha taa, hupatikana kwa elfu chache tu za shilingi. Mtandao wa nyuzi umefika kwenye mitaa kadhaa ya miji ya Embu na Meru. Kule nyaya zisikofika, kuna bando za simu na, tangu Julai 2023, setilaiti za Starlink.

Kisha kuna watoto walioondoka. Mzee anabaki Chogoria au Manyatta. Mwanawe yuko Nairobi, Doha au Boston. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kamera inauzwa kwa ahadi ya kuitangua methali hiyo: kwamba mtu anaweza kuwapo bila kuwapo.

> Hata picha ikionekana vizuri Doha, swali linabaki: nani yuko karibu na zizi?

"Bila waya" ina waya wake

Kosa la kwanza hutokea dukani. Mnunuzi akiambiwa kamera haina waya, hudhani haihitaji chochote. Ukweli ni kwamba kamera nyingi za waifai hutuma picha bila waya, lakini stima hupata kwa waya kama taa nyingine yoyote. Zisizo na waya kabisa ni zile za betri na sola, na hizo zina masharti yake.

Kosa la pili liko kwenye ruta. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 yana kasi, lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Ya 2.4 ni ya polepole zaidi ila hufika mbali. Kamera nyingi za bei nafuu huelewa 2.4 peke yake.

Hapo ndipo watu hukesha. Simu imeunganishwa kwenye 5, kamera inatafuta 2.4, na programu inarudia kusema kwamba imeshindwa. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta, kutenganisha mawimbi hayo na kuyapa majina tofauti, kisha kuunganisha simu kwenye 2.4 kabla ya kuanza. Kamera ichomekwe kwanza karibu na ruta, isajiliwe, ijaribiwe. Baada ya hapo ndipo ipandishwe ukutani.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Ukuta wa mawe hupunguza mawimbi. Mabati huyarudisha yalikotoka. Migomba iliyolowa mvua kati ya nyumba na zizi huyanyonya. Kamera inayoshika mtandao vizuri Januari, migomba ikiwa imenyauka kwa jua, yaweza kuanza kukatika Aprili mvua za masika zikikolea.

Kipimo hakihitaji mtaalamu. Simama na simu pale unapotaka kamera ikae, mlango wa nyumba ukiwa umefungwa kama unavyofungwa usiku, na ujaribu kucheza video. Ikikwama, kamera nayo itakwama. Hapo utahitaji kifaa cha kupokea mawimbi na kuyasambaza tena katikati ya njia, au waya wa mtandao, ambao hubeba picha hadi mita 100 bila kujali ukuta wala mgomba. Kwa zizi au stoo iliyo mbali, waya wa kuzikwa ardhini mara nyingi humaliza ubishi.

Hesabu ya bando

Asiye na mtandao wa nyumbani huuziwa kamera ya laini, inayowekwa kadi ya simu kama simu yenyewe. Inafaa sana shambani. Tatizo lake ni kinywa.

Kamera ikituma picha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida kwa picha nzuri iliyobanwa, itakula takriban gigabaiti 10.8 kwa siku nzima. Hakuna bando la mkulima linalohimili hivyo. Ndiyo maana kamera hizi hupangwa zirekodi kwenye kadi iliyo ndani yake, na kutuma picha pale tu kitu kinaposogea au mwenyewe anapofungua simu kutazama. Kwa kasi hiyo hiyo, kutazama kwa dakika kumi ni kama megabaiti 75.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo ya kadi. Kadi ya gigabaiti 64 ikirekodi mfululizo hujaa kwa karibu siku sita, kisha kamera huanza kufuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Aliyesafiri wiki mbili akarudi na kukuta kitu kimepotea siku ya pili ya safari, asishangae kadi ikiwa haina habari. Anayetaka karibu siku kumi na mbili anunue ya gigabaiti 128, baada ya kuhakikisha kamera yake inakubali ukubwa huo.

Lakini kadi ina udhaifu mmoja mkubwa: inakaa ndani ya kamera. Mwizi akiing'oa kamera, ameondoka na ushahidi. Kwa hivyo kamera inayofikika kwa mkono ihifadhi nakala mahali pengine: kwenye mashine ya kurekodi iliyofungiwa ndani ya nyumba, au kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi.

Stima ikipotea

Agosti 25, 2023, giza lilifunika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Kukatika kwa stima nchi nzima ni nadra. Kukatika kwa kijiji kimoja, kwa sababu mti wa mgrevilea umeangukia waya, hutokea mara kwa mara. Mwizi anayejua kijiji anajua pia ni usiku gani kamera zimelala.

Mwenye kamera huwa amefikiria stima ya kamera na kusahau ya ruta. Kamera ya sola iliyo hai hainufaishi kitu ikiwa ruta iliyoko sebuleni imezima. Betri ndogo ya akiba kwa ruta, inayowasha yenyewe stima inapokatika, hugharimu kiasi kidogo na huliziba tundu hilo kwa saa kadhaa.

Sola nayo ina tabia ya mahali. Mstari wa ikweta hukatiza kati ya mji wa Meru na Nkubu, kwa hivyo jua hapa hupita karibu na utosini mwaka mzima. Paneli haihitaji kusimama. Mwinamo mdogo unatosha, ili mvua iteleze na kuondoka na vumbi. Adui ni kivuli cha mti na mawingu ya Julai, mlima unapojifunika kwa siku nyingi mfululizo na manyunyu hayakatiki. Anayenunua kamera ya sola huku apime betri kwa siku hizo, asiipime kwa jua la Februari.

Inapotazama, inachoona

Fundi akija, mwenye nyumba humwomba amuonyeshe "kila mahali". Ombi hilo huharibu kazi. Lenzi pana ya kamera ya bei nafuu huonyesha ua wote, lakini mtu akiwa mita kumi hivi au zaidi, uso wake huwa doa. Utaona kwamba kulikuwa na watu wawili. Hutajua ni akina nani.

Ni afadhali kuchagua mlango mmoja ambao lazima mtu aupitie: lango, kona ya zizi, mlango wa stoo. Kimo cha kati ya mita mbili na nusu na tatu kinatosha: juu ya mkono wa mtu, lakini si juu sana kiasi cha kurekodi kofia badala ya nyuso. Kamera ikae chini ya ukingo wa paa, isikabili jua la asubuhi, na mbele yake pasiwe na jani.

Jani ndilo lililomlaza yule mwenye makadamia. Programu nyingi zina sehemu ya kuchora eneo la kuangaliwa. Mgomba uachwe nje ya mstari. Kamera nyingine zinaweza kutofautisha umbo la binadamu na kitu kingine, na mpangilio huo ukiwashwa kelele hupungua sana. Buibui nao wana sehemu yao. Mwanga wa kamera usiku huwavuta wadudu, wadudu huwavuta buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi hung'aa kama pazia jeupe. Ufagio mara moja kwa wiki ni sehemu ya ulinzi.

Usiku pia hubadilisha rangi. Kamera nyingi hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na picha yake huwa nyeusi na nyeupe. Chini ya mwanga huo, vitambaa vingine vyeusi huonekana vyeupe au vya kijivu. Mtu akikimbilia kijijini kusema mwizi alivaa koti jeupe, anaweza kumtia mtu mwingine mashakani. Mahali ambapo umati huamua kesi kabla ya polisi kufika, kosa la rangi ya koti si dogo.

> Usiku, koti jeusi laweza kuonekana jeupe. Kabla ya kumtaja mtu, taja mwendo, kimo na njia aliyopita.

Nani ana ufunguo?

Desturi iliyozoeleka ni hii: fundi anafunga kamera, anafungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe kwa sababu ya mteja imesahaulika, anamuonyesha mzee picha kwenye simu, analipwa, anaondoka. Tangu siku hiyo, mmiliki wa kamera kwenye mtandao ni fundi. Huenda ni kijana mwaminifu. Lakini simu yake ikiibiwa au ikiuzwa, boma la mtu linaonekana na asiyejulikana.

Akaunti ifunguliwe kwa namba au barua pepe ya mwenye nyumba, fundi akiwa bado yuko juu ya ngazi. Nenosiri lililotoka kiwandani libadilishwe, la ruta na la kamera. Watoto walio mbali wapewe ruhusa ya kutazama kupitia programu, bila kugawiwa nenosiri lenyewe. Mpangaji akihama, ndoa ikivunjika au kibarua akiacha kazi, orodha ya walioruhusiwa ikaguliwe.

Ulimwengu ulipata funzo lake mwaka 2016. Programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka mtandaoni ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera na mashine za kurekodi. Ilipata vifaa vingi mno, na mnamo Oktoba 21 mwaka huo vikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata tovuti kubwa zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua kitu. Nenosiri la tarakimu sita zinazofuatana, linalopendwa sana na mafundi wenye haraka, ni mlango wa aina hiyo hiyo.

Mpaka wa macho

Watu wa huku wanajua mpaka. Bikoni ikisogezwa hatua moja, ndugu huacha kusalimiana, na kesi huenda kwa wazee, kwa chifu, kisha mahakamani. Kamera imeleta mpaka wa pili juu ya ule wa kwanza, na huu hauna bikoni.

Mashamba yamegawanywa hadi vipande vyembamba. Kamera inayotazama lango la huyu inaona bafu la nje la yule, mlango wa jikoni wa shemeji, na njia ya watu ya kwenda mtoni. Upande mmoja unasema: ni ukuta wangu, ni usalama wangu, na asiye na hatia hana cha kuogopa. Upande wa pili unasema: sikuiba kitu, kwa nini kila ninapotoka kuoga nirekodiwe?

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi. Inasamehe shughuli za mtu binafsi zilizo za kinyumbani kabisa. Mzozo wote uko kwenye neno hilo la mwisho: kabisa.

Ulaya ililipitia swali hilo mapema. Desemba 11, 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya František Ryneš wa Czech, aliyefunga kamera nyumbani baada ya madirisha yake kuvunjwa. Kamera ilinasa pia barabara ya umma na nyumba ya jirani. Mahakama ikasema hiyo haikuwa tena shughuli ya kinyumbani tu, ingawa ilikubali kwamba kulinda mali na familia ni sababu halali inayoweza kuzingatiwa. Huko Oxford, Uingereza, Oktoba 2021, mahakama iliamua kwamba mtu aliyefunga kamera na kengele za video alivunja haki za jirani yake. Sauti zilizonaswa kutoka mbali zilikuwa sehemu kubwa ya kosa.

Hukumu hizo hazifungi mahakama za Kenya. Lakini sheria yetu imeandikwa kwa mantiki iliyo karibu na ile ya Ulaya, na mwenye kamera angefaa kusoma alama za nyakati. Programu nyingi huruhusu kufunika kipande cha picha kwa mraba mweusi. Kufunika bafu la jirani ni kazi ya dakika mbili. Kuzima kinasa sauti ni ya dakika moja.

Kwa mwenye nyumba za kupangisha, hali ni nzito zaidi. Anayefunga kamera kwenye ploti ya Majengo mjini Embu, au kwenye hosteli za wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Meru kule Nchiru, hawezi kusema ni mambo ya nyumbani. Hiyo ni biashara. Kanuni za usajili za 2021 zinataja kamera za usalama miongoni mwa shughuli ambazo wahusika wake wanapaswa kujisajili bila kujali udogo wa biashara. Wapangaji waambiwe kwa tangazo linalosomeka kamera ziko wapi, nani anatazama na picha hukaa siku ngapi. Kamera inayotazama ukumbi ina hoja. Inayotazama ndani ya mlango wa msichana kila unapofunguliwa haina.

Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, imeonyesha kwamba ina meno. Septemba 2023 iliutoza mkahawa wa Casa Vera Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na Roma School Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Malalamiko yanayofikishwa kwa kamishna yanapaswa kuamuliwa ndani ya siku 90.

Macho ndani ya nyumba

Mzozo mkali zaidi uko sebuleni. Novemba 2014, video kutoka Kampala ilitikisa Afrika Mashariki nzima: baba aliyeficha kamera nyumbani alimnasa mfanyakazi akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo. Mwezi uliofuata mwanamke huyo alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Bila kamera, alama za mwili wa mtoto zingebaki kitendawili.

Mzazi anayefanya kazi mjini Meru na kumwacha mtoto na yaya tangu alfajiri hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini yaya naye ana hoja. Nyumba anayoilinda ndimo anamolala. Anabadili nguo humo, anaongea na mama yake kwa simu humo, analia humo. Mtu anayetazamwa tangu asubuhi hadi usiku, na mwajiri pamoja na shemeji aliye ughaibuni, hana saa ya kuwa peke yake.

Njia ya katikati ipo. Kamera ikae mahali mtoto anapokula na kucheza. Isikae chumbani wala msalani, kwa sababu yoyote ile. Mfanyakazi aambiwe siku ya kwanza ya kazi, aonyeshwe kamera na aonyeshwe inachoona. Wapo wanaosema kumwambia ni kuvunja mtego. Lakini anayetaka mtoto asipigwe kabisa hunufaika zaidi na yaya anayejua anaonekana kuliko na video ya mtoto aliyekwisha kupigwa.

Kutoka simu hadi mahakama

Picha ikishapatikana, watu wengi huipeleka kwanza kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Kufikia adhuhuri jina la mtu limeshatajwa. Kufikia jioni pengine ameshapigwa. Njia salama ni kupata nambari ya OB (kitabu cha matukio) katika kituo cha polisi, kisha kumpa mpelelezi nakala na kuhifadhi kadi ya asili bila kuigusa.

Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uandamane na cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi rekodi ilivyotolewa, kikiwa kimetiwa sahihi na anayehusika na kifaa hicho. Video iliyozunguka simu kumi, ikakatwa na kuwekewa muziki, ina safari ngumu.

Kuna jambo dogo ambalo wakili wa mshtakiwa hataliacha: saa. Baadhi ya kamera hutoka kiwandani zikiwa na saa za China, ambazo ziko saa tano mbele ya zetu. Wizi wa saa nane usiku unaandikwa kwenye picha kuwa wa saa moja asubuhi. Rekebisha saa siku ya kufunga, na uikague kila baada ya stima kurudi.

> KABLA FUNDI HAJAKUNJA NGAZI
> • Akaunti iko kwa namba ya mwenye nyumba, na nenosiri la kiwandani limebadilishwa.
> • Picha ya usiku imejaribiwa giza likiwa limeingia. Ya mchana pekee haitoshi.
> • Ruta ina betri ya akiba.
> • Eneo la arifa limechorwa bila mgomba wala barabara.
> • Bafu, dirisha na mlango wa jirani vimefunikwa.
> • Tarehe na saa ni za Kenya.
> • Watu wawili wa karibu wamekubali kupigiwa simu usiku.

Je, zinazuia wizi?

Wauzaji husema ndiyo. Mapitio ya tafiti za miaka 40 yaliyochapishwa mwaka 2019 na Eric Piza na wenzake yanatoa jibu lenye kipimo: maeneo yenye kamera yalikuwa na uhalifu pungufu kwa takriban asilimia 13 yakilinganishwa na yasiyo nazo. Mafanikio makubwa zaidi yalikuwa kwenye maegesho ya magari. Na kamera zilizokuwa na mtu anayezitazama zilifanya vizuri kuliko zile za kurekodi tu. Tafiti hizo nyingi ni za miji ya nchi tajiri, ambako polisi huweza kufika kwa dakika chache.

Mteremkoni kwetu, gari la polisi linaweza kuwa vilima vitatu kutoka hapo na barabara ni tope. Kwa hivyo hoja ya wanaopinga kamera ina uzito: mbwa hubweka hata stima ikikatika, na mlinzi wa usiku ana miguu. Mzee mwenye fedha za kitu kimoja tu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuchagua taa yenye kuwaka mtu akipita, kufuli nzuri na mbwa.

Hoja ya wanaounga mkono nayo ina uzito wake. Mlinzi hulala, mbwa hutiliwa sumu, na hakuna kati yao anayeweza kusimama mahakamani na kuonyesha uso wa mtu. Kamera hufanya hivyo, ikiwa imefungwa vizuri.

Pande hizi mbili zinakutana kwa jirani. Yeye ndiye anayeweza kufika kabla ya mwizi kuvuka mto, na ndiye huyo huyo ambaye kamera iliyofungwa ovyo humfanya aonekane mshukiwa wa kwanza. Akionyeshwa kamera kabla haijachomekwa, akaona kwamba mlango wake umefunikwa, akaombwa namba yake ya simu na kupewa ya mwenye boma, kifaa hicho kinakuwa cha wawili. Akikigundua mwenyewe siku moja akitoka kuoga, arifa ya saa nane usiku haitamhusu.

Anayepanga kununua kamera mwezi huu aanze basi kwa jirani, aende kwa fundi, amalizie dukani. Wengi wetu tumekuwa tukianzia dukani.